Bega lililoganda halifunguki kwa kuvutwa

Mhariri,

Wenye bega lililoganda, yaani linalouma na kukakamaa, wanaendelea kuvutwa mkono kwa nguvu, na wavutaji wanasema ndiyo Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Siyo. Katika Ayurveda maradhi haya huitwa avabahuka, na huhesabiwa kati ya magonjwa ya vata, yaani ya ukavu na kukakamaa. Ndiyo maana mafuta hutangulia, joto likafuata, na kunyoosha mkono kukaja mwisho.

Kwanza tuhakikishe ndilo. Mgonjwa akunje kiwiko, akibane ubavuni, mtu mwingine amzungushie mkono kwa nje taratibu. Ukigoma hata hapo, yaelekea kiungo kimeganda. Ukizunguka vizuri lakini mwenyewe hawezi, huenda kano imechanika, na hilo ni la hospitali. Eksirei na kipimo cha sukari visikosekane, maana kisukari na bega hili huandamana sana.

Kerala, jimbo la kusini mwa India, hukanda kwa vifurushi vya majani, na mengi yanaota hata pwani yetu: mbarika, mlonge, mkwaju. Yakatwekatwe, yakaangwe kwa mafuta ya ufuta pamoja na nazi iliyokunwa na vipande vya ndimu mpaka nazi igeuke kahawia. Ikibaki nyeupe, kifurushi huchacha upesi. Fungeni viwili kwa kitambaa cha pamba, kimoja kikikanda kingine kipashwe kikaangoni. Bega lichuliwe kwanza kwa mafuta ya ufuta ya vuguvugu, kisha likandwe dakika 30 hivi, kuanzia shingoni hadi kiwikoni. Joto alipime mkandaji kwa mkono wake mwenyewe kila anapobadilisha kifurushi. Mwenye kisukari cha miaka mingi huenda asihisi anaungua, malengelenge yakaonekana baadaye.

Bega likiwa bado na joto, mgonjwa ainame, auning'inize mkono na kuupunga polepole, kisha apandishe vidole ukutani. Maumivu yakimkesha usiku, amezidisha. Miezi ya mwanzo, bega linapouma hata likitulia, kupunga kunatosha. Anayeahidi kulifungua kwa wiki moja asiaminiwe: kwa kawaida ugonjwa huu huchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

Vidonge vyenye bhasma, yaani majivu ya madini, msivimeze kabisa kwa ajili ya bega. Vingine vina risasi na zebaki, nazo huharibu figo na neva.

Matabibu wa Ayurveda,
Mombasa