Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekwenda mji wa mtoni chini ya milima

Mdogo wangu,

Habari za huko, natumaini u mzima. Ratiba yako uliyotuma kwenye grupu la familia nimeisoma yote, na ni mlima, mlima, mlima, alafu ule mji mdogo wa pale mtoni umeupa usiku mmoja tu, wa kulala na kuamka na kuondoka. Hapo ndo nimeshindwa kunyamaza. Nakuomba toa siku mlimani ongeza mjini, na naandika hapa wazi manake najua wengi wanapanga hivohivo, mji wanauona kama stendi ya kupandia tu.

Ukifika usikimbilie chumbani. Simama barabarani uangalie ardhi yenyewe ilivyolala. Miji mingi ya namna hii imekaa pale kijito kinapochomoka kwenye korongo jembamba kinaingia bonde pana, maji yakifika hapo kasi inapungua yanaacha mzigo wake wa mawe na mchanga, na kwa maelfu ya miaka linatokea eneo lililoinuka kidogo, limetanuka kwa chini kama upepeo. Watu walilipenda manake liko juu ya tope la bondeni na udongo wake hautuamishi maji. Lakini ujue maji yaliyolileta eneo hilo yanaweza kurudi. Tarehe 7 Agosti 1996 pale Biescas, Hispania, kwenye milima ya Pirenei, mvua ya nguvu ilishusha maji na mawe juu ya kambi ya mahema iliyokuwa kwenye eneo la aina hiyohiyo, watu 87 wakafa. Kwahiyo kama una hema, usilipige kwenye mdomo wa korongo, hata kijito kiwe kimekauka kabisa, hata nyasi ziwe nzuri vipi.

Sasa mto. Mdogo wangu, mto wa chini ya milima una saa zake, na mtu wa usiku mmoja hawezi kuziona. Kama juu kuna theluji au barafu, maji ya asubuhi yanakuwa machache na mapole kwa sababu usiku kule juu kulikuwa na baridi hakuna kilichoyeyuka, jua likipanda barafu inaanza kuyeyuka, ila maji yana safari ndefu hadi mjini, kwahiyo mto unajaa saa za mchana kuelekea jioni na mara nyingine usiku kabisa. Jiwe ulilokanyaga asubuhi ukavuka, jioni hulioni. Watu wananasa ng'ambo hivihivi, wamevuka vizuri wakaenda kutembea, wakirudi hakuna pa kupita. We ukitaka kuvuka vuka darajani, manake maji yanayokimbia hata ya kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Alafu angalia rangi. Maji ya barafu yana weupe wa kijivujivu kama yametiwa maziwa, wala sio uchafu, ni unga wa mawe, barafu ikisogea inayasaga mawe ya chini yake mpaka yanakuwa laini hivyo, na unga huo unaelea hautui upesi. Nenda ukachote kwenye chupa ya kioo uiweke dirishani uone unavyochukua muda kutulia. Kule Passau, Ujerumani, mto Inn unaotoka milima ya Alpi unakutana na mito ya Danube na Ilz, na pale inapokutana macho yako yanaona rangi zinaenda sambamba kwa muda kabla hazijachanganyika. Pale pale kwenye mnara wa ofisi ya mji wamechora alama za mafuriko na miaka yake, ya 2013 iko juu kabisa ya kichwa cha mtu. Miji mingi ya mtoni ina alama kama hizo, ukutani au kwenye nguzo ya daraja, zitafute ujipime nazo.

Ila rangi ikigeuka ghafla ikawa ya tope, vijiti na majani vikaanza kuja, ukasikia mawe yanagongana chini ya maji, usisubiri kuona wala usitoe simu kupiga picha. Panda juu. Anga ya mjini isikudanganye, inaweza kuwa safi kabisa huku mvua inamwagika juu mlimani. Marekani, jimbo la Colorado, korongo la mto Big Thompson, jioni ya tarehe 31 Julai 1976 ilinyesha sana sehemu za juu, wa chini wengi hawakupata mvua ya maana, maji yakawafuata kwa chini, wakafa zaidi ya watu 140. Siku hizi kwenye makorongo ya kule kuna vibao barabarani vinaambia watu mafuriko yakija wapande juu, wasijaribu kukimbia na gari. Hapo ndo utu uzima wangu wote umeishia, nikikuambia kitu kimoja tu ushike, shika hicho.

Jua nalo uliulize. Mji ukiwa chini ya ukingo mrefu wa mlima jua linachelewa kufika na linawahi kuondoka, baridi inaingia watu bado wanasema ni mchana, beba sweta hata kama picha za mtandaoni zote ni kaptula. Rjukan kule Norwei uko bondeni kiasi kwamba karibu nusu ya mwaka jua haliwafikii, mwaka 1928 wakajengewa gari la waya la kuwapandisha juu wakaote jua, na 2013 wakaweka vioo vitatu vikubwa mlimani vinavyolifuata jua na kurusha mwanga kwenye uwanja wa katikati ya mji. Mi hicho kitu kinanigusa sana, watu wamekataa kuhama wakaamua kulishusha jua.

Chumba omba cha upande wa mto kama usingizi wako mzito, kama mwepesi kaa nyuma, sauti ya maji haizimwi.

Na siku ya kuondoka usikate tiketi ya alfajiri. Usiku hewa ya baridi inateremka kutoka milimani inajikusanya bondeni, asubuhi ukungu umefunika mji wote utadhani siku imeharibika, na wengi hapo ndo wanabeba mabegi wakiwa wamenuna. We panda njia ya juu taratibu, mara nyingi mwendo mfupi tu unatokea kwenye jua, mji wote uko chini ya ukungu, mto unausikia huuoni. Kata tiketi ya mchana.

Kaka yako