Barua kutoka juu ya tuta

Ndugu yangu Fundi,

Mwangaluka! Habari za hapo chini ya mwembe? Mama hajambo, na watoto je? Najua umenuna. Simu zako mbili sikupokea, ujumbe nikajibu kwa neno moja, halafu kimya mpaka leo. Basi nalipa deni kwa barua ndefu, na uisome wateja wakiwa wameondoka, maana ni habari za baiskeli mwanzo mpaka mwisho.

Mwezi wa sita nilipata likizo ya wiki moja. Nafanya kazi na jamaa mmoja wa Goma. Mimi namwita Mgoma, ingawa tangu nimjue hajawahi kugoma hata siku moja. Ndiye aliyenishawishi tutoke huku Ubelgiji, twende Ufaransa tukaendeshe baiskeli kando ya mto Loire. Nikamwuliza, "Tunapeleka nini?" Alicheka mpaka akakaa chini. Wewe unanielewa: Shinyanga mtu hapigi pedeli zaidi ya kilomita 200 bila gunia la mkaa kwenye karia, au angalau mgonjwa. Akaniambia hatupeleki kitu, tunakwenda kutazama mto.

Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Unatoka milimani kule Ardèche, unapanda kaskazini hadi Orléans, halafu unakata kona kuelekea magharibi mpaka Bahari ya Atlantiki. Kandokando yake kuna njia ya baiskeli yenye vibao kila penye njia panda, kilomita kama 900, na hiyo nayo ni kipande tu cha njia nyingine inayovuka Ulaya hadi Bahari Nyeusi. Sisi tulikula kipande cha Orléans mpaka Saumur kwa siku sita. Baiskeli tulikodi tulikoanzia, tukazirudisha tulikoishia. Gia ishirini na kitu, ndugu yangu, na nadhani nilitumia nne. Siti ilininyanyasa siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu tukapatana.

Milima hakuna. Ni tambarare kama mbuga za kwetu, ila kijani. Adui wa huko ni upepo. Mto unateremka kwenda baharini na wewe unateremka nao, unajiona mjanja, kumbe upepo unatoka hukohuko baharini na unakupiga kifuani tangu asubuhi. Mgoma amekulia kwenye miteremko ya chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedeli wanazobebea viazi na makaa, kwa hiyo yeye alizoea kitu kushuka chenyewe. Siku ya pili mchana alisimama, akaitazama baiskeli yake (kwao wanaiita kinga) na kusema, "Kinga hii inakula mtu." Wakati huohuo wazee wawili, mume na mke, wakatupita wakiwa kwenye baiskeli za betri, wameketi wima kama wako kanisani, wakatupungia mkono.

Ningekueleza majumba ya wafalme, maana ndiyo yanayovuta watalii, lakini nitapita haraka. Chambord tulikwenda. Mfalme François I alianza kulijenga mwaka 1519, lina meko 282, na ukuta unaozunguka msitu wake una kilomita 32. Pamoja na hayo yote, katika miaka yake 32 ya utawala alilala humo wiki chache tu. Kilichonifurahisha ni ngazi ya katikati: ni ngazi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba, mmoja anapanda huku, mwingine kule, mnachunguliana kwenye madirisha lakini hamkutani. Mimi na Mgoma tulipanda na kushuka mara tatu kama watoto, mlinzi akitukodolea macho. Amboise nako tuliona kikanisa ambamo inaaminika yamo mabaki ya Leonardo da Vinci, aliyefia mji huohuo, mwaka huohuo wa 1519. Basi, majumba yameisha.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Sehemu kubwa ya njia hii iko juu ya tuta. Si tuta la viazi. Ni boma la udongo na mawe, refu kuliko nyumba, linafuata mto kilomita na kilomita. Unapiga pedeli juu yake, mkono mmoja mto, mkono wa pili mashamba na vijiji. Vile vijiji viko chini yako. Unaona paa kwanza, halafu dirisha, halafu ndiyo mlango. Kuku wa watu wanachakura huko chini ya tuta, na hawana habari.

Mto wenyewe umelala kama mtu aliyeshiba ugali. Mpana, wa kina kifupi, umejaa visiwa vya mchanga mweupe, na ndege wembamba jamii ya shakwe wanataga juu ya huo mchanga mtupu. Vibao vinakuomba usikanyage visiwa hivyo msimu wa kuatamia. Kuogelea nako haishauriwi, maana mchanga wa chini unahama: leo una maji ya goti, kesho pamekuwa shimo. Jioni ndiyo siwezi kukueleza vizuri. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku. Umeshapika, umeshaosha sufuria, umeshapiga hema, na bado kuna mwanga mwekundu juu ya maji, na boti zile za mbao zenye tako bapa zimefungwa kwenye mti. Karibu na Saint-Laurent tulipita minara miwili minene ikitoa mvuke: ni kituo cha umeme wa nyuklia, kinapoozwa kwa maji ya mto uleule.

Siku ya tano ilikuwa Jumatatu. Kumbuka hiyo. Vijijini Ufaransa Jumatatu duka la mkate limefungwa, duka la vyakula limefungwa, na hata siku nyingine saa sita hadi saa nane mchana usitafute mtu. Tulikuwa na nusu ya jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure, ndefu kama kigogo cha kuni, imepakwa majivu nje na kupitishiwa unyasi katikati toka mwanzo hadi mwisho. Nilidhani ni uchafu, nikauvuta. Ulikuwa umeandikwa jina la jibini na alama ya mtengenezaji, herufi ndogo kama za sindano!

Hapo ndipo tairi langu la nyuma lilipolia *fsss*. Pancha, katikati ya kijiji baada ya Villandry, si duka si fundi. Nikafungua kifurushi cha vifaa tulichopewa pamoja na baiskeli. Gundi imekauka ndani ya tyubu yake kama ulimbo. Na zile bapa za plastiki za kutolea tairi, moja ilikatika papo hapo. Nikatoa kijiko changu cha chakula, nikaendelea kwa mtindo wako. Mzee mmoja akatoka nyumba ya chini ya tuta, akatutazama kidogo, akarudi ndani bila kusema neno. Nikamwambia Mgoma, "Huyo amefunga mlango." Kumbe kaenda kuchukua beseni la maji, pampu ya zamani ndefu ya kusimamia, na solusheni mpya.

Tukazamisha tyubu. Mapovu yakatoka mahali pamoja, mzee akashangilia. Nikakumbuka maneno yako: tobo la kwanza lisikufurahishe, tafuta la pili. Nikaizungusha polepole, na kweli, sentimita tatu mbele kulikuwa na uzi mwembamba wa mapovu, mmojammoja. Mzee akanitazama kwa jicho jipya. Nikasugua kwa msasa, nikapaka, nikapuliza, nikangoja. Yeye alitaka nibandike palepale. Nikainua kidole, ngoja kwanza isishike. Akamwuliza Mgoma kwa Kifaransa ni nani aliyenifundisha. Nikasema ni fundi mmoja wa chini ya mwembe, Shinyanga. Akatikisa kichwa kama anayekujua.

Tulipokuwa tunangoja gundi ikauke, akatuita tuone ukuta wa nyumba yake. Kulikuwa na mstari umechongwa kwenye jiwe, na namba: 1856. Nikasimama chini yake. Ulikuwa juu ya kichwa changu, na kiganja juu yake tena. Mgoma akawa anatafsiri: mto huu uliolala ulifurika mara tatu ndani ya miaka ishirini, 1846, 1856 na 1866, ukakata matuta mahali pengi, na maji yakaingia vijijini kutoka juu kama kutoka kwenye ndoo. Halafu akaonyesha kidole baiskeli zetu kule juu, akasema kitu. Mgoma akanyamaza kidogo kabla ya kunitafsiria: "Anasema mnaendesha juu ya ukuta wake."

Siku tano nzima nilikuwa nasifu upole wa nchi ile, na sikuwa nimefikiria njia nzuri namna hiyo, isiyo na mlima, imejengwa kwa ajili gani. Tangu hapo sikuweza kutazama upande wa mto bila kutazama na upande wa kuku.

Kesho yake tulichepuka hadi Fontevraud, abasia, yaani monasteri ya zamani, kwa sababu ya maneno ya mzee huyo. Humo amelala Henri II Plantagenêt, yaani sanamu yake ya jiwe, mfalme wa Uingereza wa karne ya 12 aliyewasamehe utumishi wa jeshi watu waliokubali kukaa juu ya matuta na kuyatengeneza. Kando yake yuko mkewe Éléonore, amelala chali anasoma kitabu. Nilimpenda mama huyo. Mumewe ameshika fimbo, yeye kafungua kitabu tangu miaka ya 1200.

Saumur tuliingia jioni, mji mweupe wote, umejengwa kwa jiwe laini linalochimbwa vilimani hapohapo. Mapango yaliyobaki watu wanalimia uyoga. Kijana wa kupokea baiskeli akakagua breki, akakagua taa, akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akasema iko sawa. Sikumwambia kitu.

Kuna mtu anakuja Mwanza mwezi ujao. Nimempa tyubu kumi za solusheni, viraka boksi mbili na msasa, atakupigia. Na nijibu hili: tobo likiwa karibu kabisa na valvu, pale kiraka kinapokosa pa kukaa, wewe unafanyaje? Mzee aliniuliza, nikakosa jibu.

Nisalimie nyumbani kote.

Wako,
Ndugu yako wa Ubelgiji