Mtaka cha Uvunguni

Kikuyu, Dodoma
Septemba

Wajina wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Sisi hatujambo. Mama mkwe naye hajambo, ila magoti yanamsumbua asubuhi baridi inapochelewa kuondoka. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili huyo bibi yetu asikie ile habari ya fundi aliyekanyaga mbao mbili tatu, akaguna, akataja bei. Amecheka mpaka akakohoa.

Unaniuliza kama kibaraza chenu cha uani hapo Kilakala, Morogoro, kinatengenezeka au ni cha kuvunja chote, na eti mimi changu niliwezaje bila fundi. La kwanza siwezi kulijibu nikiwa Dodoma, na huyo fundi wako hawezi kulijibu akiwa amesimama juu ya mbao. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Tafuta tochi na bisibisi ya zamani, vaa nguo usizozionea huruma, uingie chini ya kibaraza mwenyewe. Pigapiga na fimbo kwanza, maana nyoka hupenda mahali kama hapo. Ukishaingia, chomeka bisibisi pale nguzo inapozama ardhini, pale boriti inapolala juu ya nguzo, na kwenye ule ubao uliobanwa ukutani. Mbao nzima inaikataa bisibisi. Ikizama bila wewe kutumia nguvu, jua kuwa hapo imebaki rangi tu. Gonga na nyundo pia, usikilize panapoitika kitupu.

Chetu kilikuwa kinatudanganya. Unakikumbuka: kiwanja kinateremka, mlango wa jikoni unatokea juu ya ardhi karibu kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na marehemu baba mkwe badala ya kujaza kifusi akasimamisha nguzo na kutandika mbao. Hapo ndipo bibi anapoanika karanga na majani ya mlenda, ndipo tunaposukana, na ndipo wanapokaa wageni wetu wa kweli, wale ambao hawapiti sebuleni. Ukikiangalia kwa juu, mbao zilikuwa zimepauka kwa jua, basi. Chini, nguzo karibu zote zilikuwa maganda. Mchwa hapendi mwanga wala hewa kavu, kwa hiyo hula ndani na kukuachia ngozi ya nje ikiwa nzima. Akitaka kupita mahali pa wazi, hujijengea mrija wa udongo apite humo. Niliiona mirija hiyo imepanda kwenye kila nguzo, na hakuna aliyejua, kwa kuwa nani alikuwa anainama?

Zile nguzo zilichimbiwa moja kwa moja ardhini na kupakwa oili chafu, kama ilivyokuwa kwa kila mtu. Oili chafu hubaki kwenye ngozi ya mbao, haizami. Jua na mvua vikiiondoa, udongo unabaki na mbao yake. Kwa hiyo, wajina, katika yote nitakayokuandikia ukishika hili peke yake linatosha: mbao isiguse udongo.

Kwenu adui ni mwingine kidogo. Huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, kisha ni jua na upepo miezi yote iliyobaki. Mbao hukauka, husinyaa, hupasuka, misumari inalegea. Nyie hapo chini ya Uluguru mna vuli na masika, na unyevu haupati nafasi ya kuondoka. Mbao inayolowa na kukauka itaishi miaka mingi. Inayooza ni ile ambayo maji yanajificha kwenye maungo yake, kati ya ubao na ubao, au nyuma ya ubao wa ukutani, kuvu wakapata makazi. Ndiyo maana nimekutuma kwenye maungo kabla ya sakafu.

Sasa nikupe furaha yangu. Baba mkwe sakafu aliitandika kwa mninga. Mimi nilidhani ni mbao za kawaida kwa jinsi zilivyokuwa za kijivu. Nilipopitisha randa juu ya ubao wa kwanza ikatoka ile rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na harufu, nikamwita bibi aje aone. Hakusema kitu, akaupapasa tu ule ubao. Mchwa walikuwa wamekula kingo, lile tabaka jeupe la nje la mti, lakini moyo wa mninga umewashinda. Basi sakafu nikaiokoa karibu yote. Nilipasua kingo zilizoliwa, nikageuza mbao upande wa chini ukawa juu, nikapiga randa na msasa. Kwa bei ya mninga ya leo, hata wewe ungebembeleza kila ubao. Kwa hiyo usikubali mtu akuvunjie kwa shoka. Ng'oa polepole kwa mtaimbo, na msumari ulioshika kutu ukatie chini kwa msumeno wa chuma kuliko kuupasulia ubao.

Fremu ya chini ndiyo niliyonunua mpya, paini kutoka Mafinga iliyotiwa dawa. Dawa yenyewe huiona kwa rangi ya kijani kibichi kilichofifia, lakini usiridhike na rangi. Mwombe muuzaji akukatie kichwa cha mbao moja uone imezama kiasi gani. Kila unapokata unafungua mahali ambapo dawa haikufika, kwa hiyo vichwa vyote vilivyokatwa vipakwe dawa tena kabla ya kufungwa. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni! Dawa inayotumika sana kwenye mbao hizo ina shaba, kromiamu na arseniki. Moshi wake ni sumu, na majivu ni mabaya zaidi. Bibi alikuwa ameshavikusanya kando ya mafiga, tukabishana, mwishowe nikavifunga kwenye gunia nikavitoa na taka. Ukikata, vaa barakoa.

Msingi ndio ulionitoa jasho. Udongo wa hapa ni mwekundu juu, ukienda chini kidogo unakutana na jiwe, na jiwe la Dodoma unalijua, halina mazungumzo. Penye mwamba nilishukuru nikaishia hapo. Pasipo na mwamba nilikwenda kama futi mbili. Kila shimo nikalijaza zege, saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo mbili kwa kokoto ndoo nne, na kitako nikakipandisha juu ya ardhi inchi sita, uso wake ukiinama kidogo ili maji yasituame. Katikati ya zege kuna bano la chuma lililochomelewa, nguzo inakaa ndani ya bano na kufungwa kwa bolti, chini yake hewa inapita. Mchwa akitaka kupanda sasa ni lazima ajenge mrija wake juu ya zege nyeupe, mchana kweupe, na mimi nipo. Funika zege kwa magunia mabichi wiki nzima. Kwa upepo huu, ukiiacha wazi inakauka kabla haijashika nguvu.

Kupata usawa wa vitako kwenye mteremko usihangaike na pima maji fupi. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, shika ncha moja na mtu ashike nyingine. Maji hayajui uongo. Kona zipime kwa kamba, futi tatu upande huu, futi nne upande ule, na kati ya alama hizo mbili lazima zipatikane tano. Mtoto wetu wa sekondari ndiye aliyenikumbusha, akasema kumbe Pythagoras anaishi Kikuyu.

Fremu sikuining'iniza ukutani. Nyumba ni ya zamani, tofali zake sina imani nazo, na maji yakiingia nyuma ya ubao wa ukutani ndipo ugonjwa unapoanzia. Niliweka safu ya nguzo karibu na ukuta, kibaraza kikasimama chenyewe, na kati yake na nyumba nimeacha nafasi ya vidole viwili. Kwenu nakushauri hivyohivyo. Mtu akikwambia apigilie misumari ukutani, mkatalie. Kama ni lazima kishike ukuta, basi ni bolti, na juu ya ubao kuwe na kipande cha bati kilichokunjwa kinachotupa maji nje.

Juu ya boriti nikapanga mbao za mbili kwa sita, inchi kumi na sita kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Ziangalie kwa jicho moja kabla ya kuzifunga, utaona kila moja ina mgongo. Mgongo uelekee juu, uzito utaunyoosha. Sakafu nikaifunga kwa skrubu zisizoshika kutu, maana mbao zetu husinyaa na kuvimba kila mwaka na msumari hutoka wenyewe taratibu mpaka umchane mtu mguu.

Hapo kwenye sakafu ndipo tulipokosana na bibi. Kati ya ubao na ubao lazima uache upenyo, mimi nilitumia unene wa msumari wa inchi nne kama kipimo, ili maji na vumbi vishuke na mbao ipate pa kuvimbia. Bibi akasema, mkamwana, karanga zangu zitapita. Nikamwambia hazitapita, ni nyembamba. Akaleta zile karanga ndogo ndogo za mwisho wa gunia akazimwaga mbele yangu, na kweli baadhi zilipita. Sikubadilisha kitu. Sasa anatandika turubai, na zinazoponyoka anawatuma wajukuu uvunguni wakaziokote. Kwa hiyo nina wakaguzi wa mchwa wasiolipwa, wanaingia kila wiki.

Usinisifu kupita kiasi kuhusu fundi. Mabano nilichomelewa na kijana wa gereji, kirikuu ilileta mbao, na boriti sikuzinyanyua peke yangu, walikuja watoto wa shemeji wakala ugali wangu wote. Ninachoweza kusema ni kwamba kipimo, kukata na kufunga ni mikono yangu, na majirani walipita wakiuliza tukuletee fundi mama, mpaka walipochoka. Ngazi na kingo za kuzuia mtu asianguke sina mengi ya kusema, kingo hizo fanya futi tatu kwenda juu, na vijiti viwe karibu karibu, kichwa cha mtoto kisipite. Vanishi achana nayo, jua linaibandua vipande vipande. Paka mafuta ya mbao, urudie kila mwaka baada ya mvua.

Sasa lako. Vuli imekaribia, usifumue kibaraza chote ukabaki na mlango unaotokea hewani. Ukikuta zilizooza ni nguzo tu na boriti ni nzima, basi kinatengenezeka: egemeza boriti kwa mirunda, toa nguzo moja, mwaga kitako chake, weka mpya, uhamie inayofuata. Boriti nazo zikiwa zimelegea, kiimarishe kwa mirunda mvua zipite, wazuie watoto wasirukeruke, halafu mbao zinunue mapema. Zipange kivulini na vijiti katikati ya kila safu ili hewa ipite, zitakuwa zimekauka utakapoanza Juni.

Nina siku za likizo mwezi ujao na nataka kuja kwa treni, nibebe drili na ule mpira wa maji. Kabla sijakata tiketi niandikie vipimo: urefu, upana, kimo kutoka ardhini hadi kizingiti cha mlango, na nguzo ziko ngapi na bisibisi imezama kwenye zipi. Shemeji ndiye aandike namba, wewe mwandiko wako wa tarakimu saba na moja haujawahi kutofautiana tangu shule. Watu wameanza kuvuna zabibu, nitakuja na kreti.

Bibi anakusalimu, na anauliza kama mbao zenu nazo zitakuwa na nyufa.

Wajina wako