Timu ya Flin Flon haikuzikwa na mgodi

Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya michezo alifunga makala yake ya juzi kwa hoja kwamba klabu ya kampuni huzaliwa na kampuni na huzikwa nayo. Mfano alioutoa ni Sony Sugar ya Awendo, timu ya soka ya kiwanda cha sukari, mabingwa wa Kenya mwaka 2006, walioondolewa ligini mwaka 2019 baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Kwa mfano huo sina ubishi. Nabisha pale alipotoka Awendo na kuamua kwamba mambo ni hayo hayo dunia nzima. Mimi ninaishi Manitoba, Kanada, na huku kuna klabu ya mji wa migodi ambayo ingekuwa imeoza zamani kama hoja yake ingekuwa kweli. Naomba nafasi niwasimulie.

Mji wenyewe unaitwa Flin Flon, jina la mhusika wa riwaya moja ya zamani, na mlio wake peke yake unatosha kumchekesha mtoto. Uko kwenye mpaka wa Manitoba na Saskatchewan, mwendo wa kilomita 750 hivi kutoka Winnipeg, na wakazi wake hawazidi sana 5,000. Umejengwa juu ya mwamba mtupu. Kufukia mabomba ya maji machafu kulishindikana, kwa hiyo yakalazwa juu ya ardhi ndani ya masanduku marefu ya mbao, na watu wakayageuza njia ya kupita kwa miguu. Hakuna ambaye angejenga hapo kama si shaba na zinki zilizokuwa chini ya mwamba huo.

Kampuni ya Hudson Bay Mining and Smelting iliundwa mwaka 1927. Mwaka huo huo ikaundwa timu ya hoki ya barafu, Flin Flon Bombers. Kwa wasioujua mchezo huu: wachezaji sita kila upande, viatuni wamevaa vyuma vya kutelezea, wanagombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo marefu, na kugongana si makosa. Bombers baadaye ikawa maarufu kama timu ya vijana, yaani wale wasiozidi miaka 20 hivi, ambao timu kubwa za kulipwa huwavizia. Na kama kuna msomaji anayeona hoki ya barafu haituhusu waswahili, akumbuke Ice Lions wa Nairobi, walioanza kuicheza kwenye ukumbi mdogo wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na mwaka 2018 wakaletwa Kanada kuingia uwanjani pamoja na nyota wawili wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Mwaka 1957 Bombers walitwaa Memorial Cup, kombe kubwa kuliko yote ya hoki ya vijana nchini humu. Fainali walikutana na timu ya Ottawa iliyokuwa chini ya mbawa za klabu ya kulipwa ya Montreal Canadiens, ikisimamiwa na Sam Pollock, mtu aliyekuja kuwa gwiji wa kujenga vikosi. Zilihitajika mechi saba. Ya mwisho iliisha 3–2. Nahodha alikuwa Ted Hampson, na miongoni mwa wachezaji alikuwemo kijana aliyeitwa Paddy Ginnell.

Ginnell ndiye mtu ambaye mwandishi wenu angepaswa kumjua. Alirudi Flin Flon miaka ya 1960 akiwa kocha, mkali, asiyependa mchezo wa kubembelezana, na timu za wageni hazikuwa na hamu ya kupanda basi kwenda kwake. Hapo ndipo kampuni inapoingia kwa kishindo, na sitaki kuificha: vijana wa timu walipewa kazi mgodini. Walifanya kazi sehemu ya siku, iliyobaki wakafanya mazoezi, na mwisho wa juma walikuwa na mshahara mfukoni. Miji mikubwa haikuwa na cha kushindana na hilo. Bila mgodi, kijana wa miaka 17 kutoka kusini angefuata nini kwenye baridi ile?

Matunda yalionekana. Bobby Clarke alizaliwa Flin Flon mwaka 1949, baba yake akiwa mfanyakazi wa mgodi, na naye mwenyewe aliingia mgodini baada ya kuacha shule. Msimu wa 1967–68 alikusanya pointi 168 katika mechi 59, akihesabu mabao yake na pasi za mabao. Pembeni yake alicheza Reggie Leach, kijana wa Kiojibwe, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Kanada, kutoka Riverton, aliyefunga mabao 87 msimu huo huo. Mabao 87! Timu zilizokutana na hao wawili zilikuwa zinaomba muda uishe.

Lakini Clarke alikuwa na kisukari tangu utotoni, na timu za kulipwa ziliogopa. Ziliona haiwezekani mtu anayejidunga insulini astahimili mechi zaidi ya 70 kwa msimu. Kabla ya siku ambayo timu za kulipwa huchagua vijana kwa zamu, mwaka 1969, Ginnell alimchukua hadi hospitali ya Mayo huko Minnesota, Marekani, madaktari wakamwona, wakaandika kwamba akijitunza hakuna cha kumzuia kucheza. Karatasi ile kocha alitembea nayo. Hata hivyo timu nyingi zilimruka, mpaka Philadelphia Flyers ikamchukua akiwa wa 17. Miaka mitano baadaye alikuwa nahodha aliyeinua Stanley Cup, kombe la ligi kuu ya kulipwa, 1974, na tena 1975. Leach alimfuata Philadelphia, na mwaka 1976 alifunga mabao 19 katika mechi za mtoano akatajwa mchezaji bora wa mtoano ingawa timu yake ilifungwa fainali.

Hadithi hii watu wengi wa Kanada wanaijua, na wengi huishia hapo. Mimi naona sehemu nzito inaanza mwaka 1978.

Hoki ya vijana ilikuwa imegeuka biashara. Ligi ilienea mpaka kwenye miji yenye watu laki kadhaa na kumbi kubwa, safari zikawa ndefu, gharama zikapanda, na mji wa watu elfu chache hauwezi kuuza tiketi zaidi ya watu ulio nao. Ile nafasi yao ligini, ambayo kule hununuliwa na kuuzwa kama leseni ya matatu, iliuzwa ikahamia Edmonton. Mwaka mmoja tu ikahamishiwa Great Falls, Montana, ikavunjika katikati ya msimu. Ikafufuliwa Spokane, jimbo la Washington, na kufikia mwisho wa mwaka 1981 ikafa kabisa. Miji mitatu, yote mikubwa kuliko Flin Flon, na hakuna aliyeiweka hai kwa miaka minne.

Flin Flon walifanya nini? Walibaki na jina, jezi za rangi ya damu ya mzee na nyeupe, na ukumbi wao, Whitney Forum. Wakashuka ngazi. Wakaanza kucheza na majirani wa kaskazini, kisha mwaka 1984 wakaingia ligi ya vijana ya Saskatchewan, ambayo ni daraja la pili kwa vijana. Mwaka 1993 wakachukua ubingwa wake. Mwaka 2001 mashindano ya taifa ya daraja hilo yakachezwa kwao, wakafika fainali na kufungwa na Camrose ya Alberta.

Klabu ni mali ya wenyeji. Hakuna tajiri wa kumpigia simu. Fedha hutafutwa kwa tiketi, bahati nasibu za mapumziko, karamu na michango ya maduka. Wachezaji wanaotoka mbali hukaa nyumbani kwa familia za mji, wanalishwa, wanaamshwa, wanagombezwa kama watoto wa nyumba. Wakisafiri kwenda kucheza Estevan, karibu na mpaka wa Marekani, ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi, na kurudi ni hizo hizo.

Niliwahi kwenda kuangalia mechi Whitney Forum. Ukumbi unaingiza watu 2,000 hivi, mabenchi ni magumu, na baridi yake inapanda kutokea miguuni. Wazee waliozoea huja na blanketi na kikombe chao. Bibi mmoja nyuma yangu alikuwa anamwita kipa kwa jina la utani na kumwonya kila kisahani kilipovuka mstari wa kati. Mwanzoni nilidhani ni mama yake. Kumbe ni mama mwenye nyumba anakolala. Wapo pia mashabiki ambao katika mechi kubwa hurusha barafuni mguu wa musi, yule mnyama wa jamii ya kulungu anayempita farasi kwa kimo. Mguu mzima, na kwato zake. Namna wanavyoupitisha mlangoni chini ya koti sikuielewa, na walinzi wanaonekana hawana haraka ya kuelewa.

Sasa turudi kwenye hoja ya mwandishi wenu. Tanuri la kuyeyushia shaba lilizimwa mwaka 2010. Mgodi wa mwisho wa mjini, unaoitwa 777, ulifungwa Juni 2022. Kampuni, ambayo siku hizi inaitwa Hudbay, iliendelea na uchimbaji kule Snow Lake, na wafanyakazi kadhaa wakaufuata. Majira yale yale ya kuchipua, wiki chache kabla mgodi haujafungwa, Bombers walikuwa kwenye fainali ya ligi yao dhidi ya Estevan, ikaenda hadi mechi ya saba, wakapoteza. Wakarudi fainali 2023, na tena 2024. Zote walifungwa, na utani kuhusu hilo haukosekani, lakini maiti haichezi fainali tatu mfululizo.

  

Simwambii mwandishi wenu kwamba kampuni haikuwa na maana. Bila mshahara wa mgodi pengine Clarke na Leach wasingekutana. Na kubaki na klabu kuliwagharimu: ligi wanayocheza leo si ile iliyowatoa magwiji, na vijana wenye vipaji vya juu kabisa huelekea kwingine. Kuna watu Flin Flon ambao hadi leo wanaona mwaka 1978 ni aibu. Mimi naona walinusurika kwa sababu kilichouzwa kilikuwa ile nafasi ligini tu, jina likabaki kwa watu ambao tayari walikuwa wanawalisha wachezaji mezani kwao.

Kwa hiyo namwomba, badala ya kuandika tanzia nyingine ya klabu za sukari, afunge safari mpaka Awendo aulize maswali ambayo makala yake haikuyagusa. Cheti cha usajili wa klabu kina jina la nani? Mkazi wa kawaida angeweza kuwa mwanachama, kulipa ada na kupiga kura? Mechi zile tatu zilipokosa timu, mkazi huyo aliambiwa kabla, au alisikia redioni kama sisi wengine? Majibu ya hayo nitayasoma kwa hamu, hata kama yataonyesha kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Wenu,
Msomaji, Winnipeg