Mitaro ya Narok isafishwe kabla ya masika

Kwa Mhariri,

Mimi ni mkazi na mfanyabiashara wa mji wa Narok. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja: mitaro ya mji huu isafishwe Januari na Februari, na mchanga unaochotwa humo upakiwe na kupelekwa mbali. Kazi hiyo ikingoja Aprili, pesa za umma zitakuwa zimemwagwa majini.

Asiyeujua mji wetu aelewe kwanza ulivyokaa. Narok iko bondeni. Vijito viwili vya msimu, Kakia na Esamburmbur, hushuka kutoka miinukoni, vikapita katikati ya mji na kumwaga maji katika Mto Enkare Narok. Siku nyingi za mwaka mtu huvivuka bila kulowesha kiatu. Mvua ikinyesha huko juu, hata hapa mjini jua likiwa linawaka, maji hufika kwa kishindo yakiwa yamebeba matope, mawe na magogo. Tarehe 28 Aprili 2015 mafuriko ya aina hiyo yaliua zaidi ya watu kumi hapa mjini na kusomba magari na mali ya maduka. Waliozikwa wakati ule ni majirani zetu, na wengine ni wateja wetu. Hatujasahau.

Baada ya hapo ilijengwa mitaro mikubwa ya kupitishia maji, na huko juu vikawekwa vizuizi vya kupunguza kasi yake. Nashukuru kwa dhati kwa kazi hiyo. Lakini mtaro uliojaa ni sawa na kutokuwa na mtaro, na mitaro yetu hujaa upesi kuliko ya miji mingi. Udongo wa pande hizi ni wa majivu ya volkano, mwepesi, usioshikana. Miinuko iliyokuwa nyasi na vichaka imegeuzwa mashamba ya ngano, na masika huyakuta yametoka kulimwa, hayana cha kuuzuia udongo. Kila mvua hutuletea shamba la mtu mjini.

Hebu mtu asimame karibu na soko siku vijana wanapozibua mtaro. Koleo linatoa mchanga mweusi unaonuka, chupa za plastiki, nepi, magunia yaliyooza, maganda ya mahindi. Vyote vinarundikwa papo hapo ukingoni. Vijana wamefanya kazi ya jasho na wanastahili kulipwa, ila lori la kuzoa rundo lile haliji. Wachuuzi wanatandika bidhaa kando yake, bodaboda wanalizunguka, na mvua ya kwanza inalirudisha lote mtaroni. Nimeona hivyo mwaka baada ya mwaka na sielewi kwa nini lori halipangwi pamoja na makoleo.

Kuna pia hizi slabu za saruji ambazo baadhi yetu wenye maduka tunajijengea juu ya mitaro ili wateja wavuke. Chini yake koleo halifiki, na hapo ndipo takataka hukwama. Ziondolewe, au zitengenezwe vipande vinavyoweza kuinuliwa. Najua wenzangu hawatafurahia kusikia hivyo. Duka likijaa maji hadi kaunta, hakuna mteja wa kuvuka.

Anayedhani kuziba kwa njia ya maji ni jambo dogo akumbuke Mai Mahiu, kwenye barabara hii hii yetu ya kwenda Nairobi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na matope na miti, yalipasua na kuvamia vijiji watu wakiwa wamelala. Makumi walikufa. Hapakuwa na bwawa lililojengwa pale. Takataka na matope ndivyo vilivyotengeneza bwawa.

Jukumu hili lina mwenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka mifumo ya maji ya mvua mijini chini ya serikali za kaunti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, masika huanza Machi. Miezi minane inatosha kutangaza zabuni, kukodi mashine na kumaliza kazi udongo ukiwa mkavu na mwepesi kubeba. Makadirio ya bajeti nayo hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nawaomba wakazi wenzangu wajitokeze kwenye vikao hivyo na waulize swali hili mbele ya wawakilishi wa wadi: pesa za kusafisha mitaro ni kiasi gani, na zitatolewa mwezi gani?

Nikiulizwa kipi kianze, nitasema sehemu inayopita sokoni na kalavati zilizo chini ya barabara kuu, kwa kuwa ndipo watu hujaa jioni. Lori liwepo siku ile ile makoleo yanapoanza, na ratiba ibandikwe sokoni ili tuhamishe bidhaa zetu kupisha kazi.

Mfanyabiashara,
Narok