Dawa ya uchungu haichomwi msulini mtoto akiwa bado tumboni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na familia zinazosubiri mtoto, na pia na wenzetu wa vituo vya afya, kuhusu kuanzishiwa uchungu. Ndugu wengi hufika wodi ya wazazi wakiomba mama "achomwe sindano ya uchungu", wakiamini atajifungua kabla jua halijazama. Jioni ikiingia bila mtoto, lawama huanza: manesi wamezembea, au wanataka chochote. Wapo wanaomtorosha mama. Wapo wanaomletea dawa ya kienyeji kwa siri ndani ya chupa ya chai.

Tuanze na lililo zito. Oksitosini, dawa inayoleta uchungu, haitakiwi kuchomwa kwenye paja, tako wala bega wakati mtoto bado yumo tumboni. Ikishaingia msulini haitoki wala haipunguzwi. Kizazi kinaweza kubana mfululizo bila kuachia, na kila kinapobana, damu inayompelekea mtoto hewa kupitia kondo la nyuma hupungua. Kizazi kisipopumzika, mtoto huchoka na anaweza kufa. Mama aliyezaa mara nyingi, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji, anaweza kupasuka kizazi. Sindano ya uniti 10 msulini ina kazi yake muhimu sana, lakini ni baada ya mtoto kutoka, ili kuzuia mama asimwage damu. Anayemlipa mtu amchome mkewe nyumbani au dukani "asukume haraka" anahatarisha roho mbili.

Kuanzishiwa uchungu hospitalini ni jambo jingine, na sababu zake hujulikana. Mimba ikifika wiki 41, yaani siku 7 baada ya tarehe ya matarajio, Shirika la Afya Duniani linashauri mama aanzishiwe, kwa kuwa kondo la nyuma huanza kuchoka na hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda. Sababu nyingine ni chupa kupasuka bila uchungu kuja, presha na dalili za kifafa cha mimba, mtoto aliyeacha kukua vizuri, na mtoto aliyekwisha kufariki tumboni. Mama kuchoka na tumbo, au mume kuwa na safari, si sababu.

Hesabu ya wiki ndiyo inayokosewa mara nyingi zaidi. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9: hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi hutoa matarajio ya tarehe 17 Desemba. Hesabu hiyo huharibika kama mama hakumbuki vizuri, au alishika mimba akiwa kwenye sindano za uzazi wa mpango. Kipimo cha ultrasound kilichofanyika katika miezi mitatu ya kwanza kinaaminika kuliko vyote. Kile cha mwezi wa nane kinaweza kukosea hata kwa wiki tatu. Kwa hiyo karatasi ya ultrasound ya kwanza isitupwe. Ikunjwe ndani ya kadi ya kliniki na ije hospitalini, maana mtoto akitolewa tunadhani ana wiki 41 kumbe ana 36, matatizo ya kupumua yanaweza kumkuta.

Siku ya kulazwa mama ataulizwa maswali, naye asifiche kitu. Amezaa mara ngapi? Amewahi kufanyiwa upasuaji wa kumtoa mtoto, au wa kuondoa uvimbe kwenye kizazi? Amekunywa nini nyumbani? Mwenye kovu kwenye kizazi hapewi kabisa misoprostoli, mojawapo ya dawa za kuanzishia uchungu, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuachanisha kovu. Mtoto aliyekingama tumboni, au kondo la nyuma lililotangulia mlangoni, hufuta mpango wote, na hapo ni upasuaji. Dawa za kienyeji tunauliza si kwa kumsuta mtu. Baadhi yake hubana kizazi kweli, lakini kipimo chake hakijulikani, na zikikutana na dawa ya hospitali hakuna anayeweza kukadiria nguvu ya jumla. Mafuta ya nyonyo nayo yamo humo: mama huishia kuharisha na kuishiwa maji kabla hata uchungu haujaanza.

Kisha njia hupimwa. Mkunga anaangalia mambo matano: shingo ya kizazi imefunguka sentimita ngapi, imefupika kiasi gani, ni ngumu au laini, imeelekea nyuma au mbele, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Kila jambo hupewa alama. Utaratibu huu uliwekwa na daktari Mmarekani, Edward Bishop, mwaka 1964, na alama zote zikijumlishwa haziwezi kuzidi 13. Alama zikiwa chache, tuseme chini ya 6, shingo bado haijaiva, na kumwekea mama dripu hapo ni kumchosha bure. Inabidi shingo ilainishwe kwanza. Hatua hii ndiyo inayokula muda, na ndugu hawaioni kwa sababu kwa nje ni kama hakuna kinachofanyika. Kwa mama wa mimba ya kwanza, kulainisha peke yake kunaweza kumaliza usiku mzima na mchana unaofuata. Tangu kulazwa hadi kumshika mtoto, jiandaeni kwa siku moja hadi mbili.

Kuna njia mbili zinazotumika sana kulainisha. Ya kwanza ni ule mpira unaotumika kutolea mkojo. Unapitishwa kwenye shingo ya kizazi, puto lake linajazwa maji safi ya dawa, mililita 50 hadi 60 kwa kawaida, kisha mpira unavutwa kidogo na kubandikwa pajani kwa plasta. Mama atahisi mgandamizo na maumivu kama ya hedhi, na anaweza kuona damu kidogo. Anaruhusiwa kutembea na kwenda msalani. Puto likidondoka lenyewe, asishtuke wala asilirudishe, amwite mkunga: njia imefunguka sentimita 3 au 4. Lisipodondoka, hupimwa baada ya saa 12. Faida ya mpira ni kwamba hauleti uchungu mkali wa ghafla.

Njia ya pili ni misoprostoli. Hapa tunaomba msomaji asome polepole. Kipimo cha kuanzishia uchungu ni maikrogramu 25, kwa mdomo kila baada ya saa 2, au ukeni kila baada ya saa 6. Kidonge kinachouzwa zaidi ni cha maikrogramu 200, maana yake kidonge kimoja kizima ni dozi 8. Kukikata vipande vinane kwa wembe hakuleti vipande sawa. Kimoja kitabeba dawa mara mbili ya kingine. Pasipo na vidonge vidogo vya maikrogramu 25, kidonge cha 200 huyeyushwa kwenye mililita 200 za maji safi, hukorogwa kila mara kabla ya kupima, na mama hupewa mililita 25 kwa kila dozi. Yanayobaki baada ya saa 24 humwagwa. Mwanamke aliyenunua kidonge dukani akakiweka chote kwa ushauri wa jirani amechukua dozi nane kwa mpigo, tena hakuna anayesikiliza moyo wa mtoto. Hospitalini mama anaweza kutetemeka, kupata joto au kuharisha kidogo. Hayo hupita.

Shingo ikishaiva, mkunga anaweza kupasua chupa. Haiumi kama inavyodhaniwa, ila maji ya moto yatamwagika na uchungu huweza kuongezeka haraka. Kabla ya kupasua, kichwa cha mtoto lazima kiwe kimeshuka na kukaa vizuri, vinginevyo kitovu kinaweza kutangulia, nayo ni dharura ya upasuaji. Mkunga ataangalia rangi ya maji, kwa kuwa yakiwa ya kijani mtoto amekwisha kutoa kinyesi ndani na uangalizi unaongezwa. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI, chupa huachwa nzima kadiri inavyowezekana.

Halafu dripu. Utaratibu unaojulikana ni uniti 2.5 za oksitosini ndani ya mfuko wa mililita 500, kuanza na matone 10 kwa dakika, na kuongeza matone 10 kila nusu saa hadi uchungu uje mara 3 au 4 ndani ya dakika 10, kila mmoja ukidumu zaidi ya sekunde 40. Ukifika hapo, matone hayaongezwi tena. Kama mama alipewa misoprostoli, dripu isubiri angalau saa 4 tangu dozi ya mwisho ya mdomo, na zaidi ya hapo kama iliwekwa ukeni.

Matone yana mitego yake. Mirija mingi ya dripu hutoa matone 20 kwa mililita, lakini ipo ya matone 15, na kwa mrija huo matone yale yale 10 yanabeba dawa zaidi kwa theluthi moja. Mama akikunja mkono, dripu husimama, akinyoosha, hukimbia. Akienda msalani na mfuko ukashikwa juu zaidi, kasi hubadilika. Ndiyo maana kuhesabu mara moja na kuondoka hakutoshi. Familia inaweza kusaidia kwa hesabu rahisi: kwa matone 10 kwa dakika, mfuko wa mililita 500 huchukua zaidi ya saa 16. Kwa matone 60 huchukua karibu saa 3. Ukiona mfuko umeisha ndani ya saa moja, mama amepata dawa kwa kasi karibu mara tatu ya hiyo ya matone 60. Usiguse kidude cha dripu, ita mkunga hapo hapo.

Ndugu aliyekaa na mama, pale wodi inaporuhusu, aweke kiganja juu ya tumbo na kutazama saa. Uchungu ukizidi mara 5 ndani ya dakika 10, au mmoja ukidumu dakika 2, au tumbo lisilegee kabisa kati ya uchungu na uchungu, ni hatari. Mkunga atafunga dripu, atamlaza mama kwa ubavu wa kushoto, atasikiliza moyo wa mtoto na kumwita daktari, ambaye anaweza kutoa dawa ya kulegeza kizazi kama terbutalini. Mapigo ya kawaida ya mtoto ni 110 hadi 160 kwa dakika, na mama aliye kwenye dripu anasikilizwa walau kila nusu saa, mara baada ya uchungu kuachia. Dalili ya kutisha kuliko zote ni maumivu makali ya ghafla, kisha uchungu kukatika, damu kutoka na mama kulegea. Hapo kizazi huenda kimepasuka, na kila dakika ina thamani.

Uchungu wa dripu huja kwa kasi kuliko ule wa kawaida, na mama asiyeambiwa hilo hudhani anakufa. Aambiwe mapema. Kutembea, kukandwa mgongo na kubadilisha mkao husaidia. Dawa za kupunguza maumivu aombe, asione haya. Uji na chai anaruhusiwa isipokuwa daktari amekataza kwa kuona upasuaji uko karibu.

Wakati mwingine yote hufanyika sawasawa na njia haifunguki. Huo si uvivu wa mama wala laana ya mtu. Dripu inaweza kuhitaji saa 12 au zaidi baada ya chupa kupasuliwa ndipo daktari aseme imeshindikana na kuamua upasuaji, ilimradi mama na mtoto wako salama wakati wote huo. Na aliyejifungua baada ya dripu ndefu aangaliwe zaidi kwa damu, kwa kuwa kizazi kilichofanya kazi muda mrefu huchoka na kushindwa kujikaza. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya dakika chache, semeni bila kungoja raundi ya daktari.

Kwa waganga wakuu wa wilaya na wasimamizi wa vituo tuna ombi. Kituo kisicho na chumba cha upasuaji kisianzishe uchungu, kimpe mama rufaa mapema, mchana, gari likiwapo. Mama mwenye dripu asiachwe peke yake, na zamu ipangwe kwa hesabu hiyo. Kila chumba cha uzazi kiwe na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, maana matone hayahesabiki kwa kukisia. Na oksitosini ikae kwenye friji lenye kipimajoto, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye kabati la joto hupoteza nguvu, mkunga huongeza matone akiona uchungu hauji, kisha zamu inayofuata huweka mfuko mpya wenye dawa nzima na kuuacha kwa kasi ile ile. Saa ya ukutani na kipimajoto cha friji ni vitu vya bei ndogo, na tunaomba viingizwe kwenye bajeti ya robo ijayo.

Wakunga na madaktari wa wodi ya wazazi,
Dodoma