Barua ya wazi kwa Naibu Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi

YAH: FAILI LENYE NAMBA MOJA KWA NYUMBA NA MTAA

Mheshimiwa Naibu Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni katibu wa kamati ya urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila kupimwa, katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Ilala, Dar es Salaam. Kazi ya kamati yetu ni kuzunguka nyumba kwa nyumba, kukaa na majirani hadi wakubaliane mpaka uko wapi, na kuhakikisha njia ya kupita haimezwi na ukuta wa mtu. Nakuandikia wewe na si Waziri wako, kwa sababu nimekifuatilia kiti chako kwa miaka kadhaa na naamini ninachokiomba kinaweza kuanzia hapo ulipo.

Zamani wazee wetu walimwita anayekaa hapo Waziri Mdogo. Siku hizi ni Naibu Waziri. Ibara ya 55 ya Katiba inampa Rais nafasi ya kuteua manaibu wa idadi yoyote ili wawasaidie Mawaziri, na ibara hiyohiyo inasema manaibu si wajumbe wa Baraza la Mawaziri. Kwa hiyo unasimama bungeni Dodoma kujibu maswali juu ya maamuzi yaliyopitishwa kwenye kikao usichokaa. Najua ni mzigo, na silisemi hili kwa kukudharau. Ndiyo sababu nimetafuta ombi ambalo mtu mwenye madaraka yako anaweza kulianzisha.

Tazama waliokutangulia. Goodluck ole Medeye aliteuliwa 2010. Januari 2014 akaja George Simbachawene, na mwaka mmoja baadaye akapandishwa kuwa Waziri wa Nishati na Madini. Kiti akakipokea Angellah Kairuki, ambaye hakutimiza mwaka kabla Serikali ya Awamu ya Nne haijamaliza muda wake. Kisha Angeline Mabula alikaa kuanzia Desemba 2015 hadi Januari 2022, alipokabidhiwa wizara nzima. Kati ya hao ni Mabula pekee aliyekaa muda wa kutosha kuona mtaa ukianza kupimwa na kumaliza.

Sasa vuka upande wa pili, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), ambako serikali za mitaa zinasimamiwa. Simbachawene huyohuyo alikuwa Waziri wa TAMISEMI kuanzia Desemba 2015 hadi 2017. Kairuki naye alipewa TAMISEMI 2022. Deogratius Ndejembi alipita njia hiyo kwa kurudi: alikuwa Naibu Waziri TAMISEMI, na 2024 akawa Waziri wa Ardhi. Watu watatu wamekaa pande zote mbili na kuzijua ofisi zote mbili. Wao waliweza kuvuka. Faili la jirani yangu halijaweza.

Nikueleze habari zake, ila jina nitalihifadhi. Ni mama wa makamo, anauza mkaa. Alilipia upimaji kwa awamu tatu, na stakabadhi tatu anazo ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Kampuni iliyopima ilisimika bikoni tatu, yaani mawe ya kuonyesha pembe za kiwanja. Ya nne haikusimikwa, kwa sababu pembe hiyo ya kiwanja inagusa barabara ya mtaa iliyochorwa kwenye ramani, na barabara iliyopo chini haifuati ile ya karatasini. Wapimaji wakasema watarudi. Hawakurudi. Ofisi ya kwanza aliyokwenda ilimwambia suala lake ni la barabara, aende kwa wenye barabara. Wenye barabara wakamwambia suala ni la ramani, arudi kwa wenye ramani. Alipokwenda ya tatu akaambiwa aanzie mtaani, yaani kwetu, na sisi hatuna mamlaka ya kuhamisha hata jiwe. Kwenye pembe ile ya nne amechomeka kipande cha nondo na kukifunga kitambaa chekundu ili watoto wasijikwae. Kitambaa amekwisha kukibadilisha mara mbili kwa kupauka.

Nilipoanza kuuliza kwa nini anazungushwa hivi, nilijikuta nasoma historia. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majumba na ofisi ya Msajili wa Majumba. Nyumba zilizokuwa mikononi mwa Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba 1990. Mwaka 1972 Serikali ilitangaza Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na baada ya muda mfupi za miji zikafuata. Hapo ndipo mambo yalipoachana. Nyumba zilibaki na wizara na mashirika, wakati chombo cha mtaani cha kuzihudumia kilikuwa kimeondolewa.

Sinza, hapahapa Dar es Salaam, inanionyesha hili kuliko maelezo yoyote. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara, mitaro na maji, halafu ikawagawia watu wajenge wenyewe. Manzese haikubomolewa; iliboreshwa watu wakiwa humohumo. Benki ya Nyumba ilikopesha wajenzi. Nauheshimu sana mradi ule. Pita Sinza leo, barabara zimenyooka na kila nyumba ina mlango unaotazama njia, na hiyo ni kazi ya watu waliopima kwanza ndipo wakajenga. Lakini viwanja vilipokuwa vinagawiwa, jiji halikuwa na halmashauri. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978, na sheria kamili za serikali za mitaa, Namba 7 na Namba 8, zikapitishwa 1982. Mitaro na barabara vikaangukia mikononi mwa chombo kilichokuwa ndiyo kwanza kinajifunza kusimama. Mitaro iliyoziba Manzese kwa miaka mingi ilianza kuziba pale, kwenye makabidhiano.

Na hatukuishia hapo. Magomeni Kota zilikuwa nyumba za manispaa. Zilipobomolewa, kaya 644 zilitawanyika mjini kupanga. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwaahidi kwamba watajengewa, Wakala wa Majengo akazijenga, na Machi 2022 Rais Samia akazizindua. Nawafurahia wenzetu waliorudi. Ila hesabu mikono: aliyebomoa ni wa serikali za mitaa, aliyejenga yuko chini ya wizara inayosimamia ujenzi, na wizara yenye neno Nyumba kwenye jina lake ni yako. Kodi ya majengo nayo ilikuwa mapato ya halmashauri. 2016 ikahamia Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 tunailipa kila tunaponunua umeme wa LUKU. Ukinunua umeme leo umelipia nyumba yako, lakini fedha ile haikusanywi tena na anayetakiwa kuzibua mtaro ulio mbele ya nyumba hiyohiyo.

Sikuombi wizara ziunganishwe. Hayo ni ya Rais, na muundo umekwisha kuhamishwa mara nyingi: TAMISEMI yenyewe ilikuwa Ofisi ya Waziri Mkuu na mwishoni mwa 2015 ikahamishiwa Ofisi ya Rais. Kassim Majaliwa alikuwa Naibu Waziri pale kabla ya kuwa Waziri Mkuu, na Selemani Jafo alikuwa naibu palepale kabla ya kuwa Waziri wake 2017. Vyeo vya pande zote mbili vimezaa viongozi wakubwa. Ninachokuomba ni kazi ya manaibu wenyewe.

Kaa na mwenzako wa TAMISEMI, naibu kwa naibu, mwandae waraka mmoja mpeleke kwa Mawaziri wenu wausaini pamoja. Useme hivi: mtaa ambao ramani yake ya urasimishaji imeidhinishwa, mgogoro wowote wa bikoni na barabara utapokelewa na ofisa mmoja aliyetajwa katika kila halmashauri, utapewa namba moja, na mwananchi atajibiwa kwa maandishi ndani ya siku zilizowekwa, kwa niaba ya wizara zote mbili. Kama jibu ni hapana, iandikwe hapana na sababu yake. Jirani yangu hajawahi kukataliwa. Angekataliwa angekata rufaa, au angehamisha choo chake na kuendelea na maisha. Amekuwa akielekezwa tu.

La pili linatokana na ile orodha ya majina niliyoitaja. Kiti chako hubadilika ghafla, mara nyingine kwa taarifa ya Ikulu ya usiku. Kila naibu anapoondoka, mitaa aliyoitembelea na ahadi alizotoa mikutanoni huondoka naye. Andika daftari la mitaa yenye upimaji uliokwama, libandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri, na atakayekupokea alikute. Mkutanoni kwetu tumewahi kuahidiwa jambo lilelile na viongozi wawili tofauti, na wa pili hakujua kwamba wa kwanza alikwisha kuja.

Kamati yetu hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, ofisi ya serikali ya mtaa. Ramani imebandikwa ukutani, upande wa kushoto ukiingia. Njoo pamoja na mwenzako wa TAMISEMI, mkiwa na mtu wa upimaji na mtu wa barabara. Tutawapeleka kwa miguu hadi kwenye ile nondo. Ni mwendo wa dakika kumi, na yule mama huwa nyumbani hadi saa sita.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu, Kamati ya Urasimishaji ya Mtaa
Ilala, Dar es Salaam